Ndege za Nguo na Ndege za Bati



Wengi wetu tunaokaa Mayfair, Fordsburg na Yeoville tumekwisha kuwapeleka watoto katika bustani ya wanyama ya Johannesburg, wakamtazama simba nyuma ya kizuizi ilhali babu zao walimkimbia porini. Lakini ni wachache waliosogea hatua chache zaidi hadi kwa jirani yake, hapo Saxonwold, yalipo Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Kijeshi. Jenerali Jan Smuts aliyafungua tarehe 29 Agosti 1947, na tangu mwaka 2010 yamepewa jina la Ditsong. Simlaumu anayeyapita mbali. Familia iliyokimbia mizinga haina hamu ya kulipa kiingilio ili iende kuitazama mizinga. Hata hivyo humo ndani mna ndege mbili ambazo habari yake inatuhusu kuliko tunavyodhani, nazo ndizo zilizonifanya nishike kalamu mwezi huu.

Ya kwanza ni Hartebees. Ina mabawa pacha, bawa juu ya bawa kama nyumba ya ghorofa, na baina yake zimesimamishwa nguzo na kukazwa nyaya. Rubani alikaa wazi, upepo ukimpiga usoni, na mwenzake mwenye bunduki nyuma yake. Ya pili ni Hurricane. Hii ina bawa moja tu kila upande, nene, lisilo na nguzo wala waya. Magurudumu yake hukunjwa na kufichwa tumboni, na rubani hufunikwa kwa kibanda cha kioo. Mtoto akiziona atadhani zimeachana kama babu na mjukuu. Kumbe Hurricane iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 6 Novemba 1935, wakati ambapo karakana ya jeshi kule Pretoria ilikuwa hata haijamaliza kuunda Hartebees zake 65. Iliyopo Saxonwold ni ya toleo la baadaye, lakini umbo ni lile lile.

Na mahali zilipopishana, moja ikitoka na nyingine ikiingia, hapakuwa Ulaya peke yake. Palikuwa pia Wajir na Garissa, Gallabat, Dire Dawa na Gondar. Mageuzi ambayo vitabu huyasimulia kana kwamba yalifanyika juu ya London tu, yalifanyika juu ya vichwa vya wazee wetu, kati ya Juni 1940 na Novemba 1941.

GUNDI ILIYOLEGEA

Wazee wa pwani walikiita chombo hiki ndege ulaya. Watu wa Mafia na Rufiji walikiona mapema kuliko wengi. Mwezi Novemba 1914 raia mmoja aliyekuwa akirusha ndege huko Durban, jina lake Cutler, aliletwa na Waingereza hadi kisiwa cha Nyororo pamoja na ndege yake ya majini, ili aitafute manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha katika mito ya Rufiji. Akaiona, na baadaye akatekwa. Zilipoletwa ndege nyingine za majini mwaka 1915, adui wao wa kwanza hakuwa Mjerumani bali jua. Joto na unyevu viliilegeza gundi iliyoshika mbao, na ndege zikawa hazifai kitu. Kazi ilimalizwa na ndege za magurudumu zilizoruka kutoka Mafia, zikawaelekeza wapiga mizinga hadi Königsberg ikaangamia tarehe 11 Julai 1915.

Marubani wa Afrika Kusini waliopelekwa mwaka huo huo kupigana Namibia walikuwa na ndege za Farman zenye mifupa ya chuma badala ya mbao. Nataja haya kwa sababu mara nyingi husemwa kwamba chuma kiliingia katika ndege kwa ajili ya mwendo tu. Katika nchi za jua kali, chuma kilitakiwa kwanza kwa ajili ya kudumu.

Basi kwa nini mabawa yalikuwa mawili mawili? Injini za zamani zilikuwa nzito na dhaifu. Ndege yenye nguvu kidogo huhitaji mabawa mapana ili hewa iibebe, na bawa pana la mbao na kitambaa likiachwa peke yake huvunjika. Mafundi wakaweka mawili, wakayaunga kwa nguzo na kuyavuta kwa nyaya, na kwa pamoja likapatikana sanduku jepesi lenye nguvu ya ajabu. Fundi wa mtepe wa Lamu angelielewa mara moja. Mbao za chombo chake hazikushikwa kwa misumari bali kwa kamba, na nguvu yote ilikuwa katika kukazana.

Kasoro yake ilikuwa upinzani wa hewa. Kila waya na kila nguzo huikokota ndege nyuma, na mwendo ukiwa mara mbili, upinzani huwa mara nne. Fundi akitia injini kubwa zaidi, sehemu kubwa ya nguvu mpya huliwa na nyaya zile zile. Kufikia miaka ya 1930 mabawa pacha yalikuwa yamefika ukingoni. Hawker Fury, ndege nzuri kupita kiasi kwa macho, ilikwenda kama kilomita 360 kwa saa. Gloster Gladiator, iliyokuwa ya mwisho ya ukoo huo katika jeshi la anga la Uingereza, ilifika kama 410. Hurricane ilipita 500.

Dawa ilikuwa imekwisha kuonekana Ujerumani. Desemba 1915 kampuni ya Junkers ilirusha ndege ya bawa moja, ya bati kuanzia pua hadi mkia. Kabla ya hapo, mwaka 1906, mtaalamu Alfred Wilm alikuwa amegundua kwamba aluminiamu ikichanganywa na shaba na magnesiamu kidogo, ikatiwa moto na kupozwa ghafla, huendelea kuwa ngumu yenyewe siku kadhaa baadaye. Kwa madini hayo mepesi mafundi wakabadili fikira nzima. Ndege ya zamani ilikuwa kama kibanda: miti hubeba mzigo, na kitambaa huzuia upepo tu. Ndege mpya ni kama yai. Ganda lenyewe ndilo linalobeba mzigo. Ganda likiwa na nguvu, nguzo na nyaya hazina kazi tena.

Hapa niseme jambo ambalo wapenzi wa Hurricane hawapendi kulisikia. Yenyewe haikuwa yai. Nyuma ya kiti cha rubani mwili wake ulikuwa mabomba ya chuma na vipande vya mbao vilivyovikwa kitambaa, na hata mabawa ya zile za kwanza yalikuwa ya kitambaa kabla hayajageuzwa kuwa ya bati. Ganda la kweli lilikuwa la Messerschmitt 109 ya Wajerumani, iliyoruka Mei 1935, na la Spitfire, iliyoruka tarehe 5 Machi 1936. Zote mbili zimo Saxonwold, na mtu anaweza kuzilinganisha kwa macho yake. Hurricane ilikuwa chombo cha kuvukia, mguu mmoja ukiwa bado kwenye gati. Lakini huko porini hilo lilikuwa faida. Risasi ilipopita katika kitambaa bila kugusa bomba, fundi aliyejifunza kazi katika Hartebees aliweza kuiziba tundu kwa kiraka, sindano na rangi, na ndege ikaruka tena.

ABIRIA WALIOWASHINDA ASKARI MBIO

Watu wa Johannesburg walizizoea ndege za bati kabla ya jeshi lao. Shirika la South African Airways lilianzishwa tarehe 1 Februari 1934, na mwishoni mwa mwaka huo likapokea ndege za Junkers 52, zenye bati la mikunjo kama mapaa ya nyumba zetu. Shirika likahamia uwanja wa Rand, Germiston, na baadaye likanunua Junkers 86, yenye bati laini na bawa moja. Hivyo ikatokea hali ya kuchekesha, kwamba mfanyabiashara aliyekaa kitini na gazeti lake alikuwa na uwezo wa kwenda kasi kuliko askari wa Hartebees, ambayo mwisho wake ulikuwa kama kilomita 280 kwa saa.

Vita vilipoanza Septemba 1939, ndege 18 za Junkers 86 zilitolewa viti zikatiwa mabomu. Tarehe 2 Desemba 1939 mojawapo iliigundua meli ya Kijerumani Watussi karibu na pwani ya Cape, na mabaharia wakaizamisha wenyewe ili isitekwe. Meli hiyo ilikuwa ya lile shirika la Kijerumani la Afrika Mashariki ambalo vyombo vyake wazee wa Tanga na Dar es Salaam walivifahamu vema.

Kwa upande wa ndege za kupigana angani hali ilikuwa duni. Italia ilipoingia vitani tarehe 10 Juni 1940, ikiwa imeshika Uhabeshi, Eritrea na Somalia, Afrika Kusini ilipeleka Kenya Hartebees zake, Fury chache, na Hurricane za kuhesabika kwa vidole.

Na mambo haya hayakuwa mashindano ya mafundi. Wahabeshi walikuwa wamekwisha kuyajua mwaka 1935 na 1936, Waitaliano walipowanyunyizia gesi ya sumu kutoka angani, nao hawana ndege ya kuwazuia. Zamu ya pwani yetu ikaja tarehe 24 Oktoba 1940, ndege za Italia zilipoutupia mabomu mji wa Malindi. Ilikuwa Ramadhani ya mwaka 1359, katika kumi la mwisho. Tafakari, msomaji, watu wa mji ule, wamefunga, wanasikia ngurumo juu ya minazi. Ndege ya Kiitaliano ya kutupa mabomu aina ya Savoia 81 ilikwenda kama kilomita 340 kwa saa, na ile ya Savoia 79 kama 430. Rubani wa Fury akiiona ya kwanza juu yake, dakika anazotumia kupanda zinamtosha mwenzake kumaliza kazi na kuondoka. Ya pili hataiona tena. Tofauti ya kilomita mia moja kwa saa, ambayo katika kitabu ni tarakimu tu, kwa mtu aliye chini ni tofauti ya kuwa na mlinzi au kutokuwa naye.

Lakini Waitaliano nao walikuwa wameibeba kasoro ile ile. Ndege yao bora huko ilikuwa Fiat CR.42, yenye mabawa pacha na injini ya nguvu ya farasi 840, na iliruka kwanza Mei 1938, miaka miwili na nusu baada ya Hurricane. Kwa nini taifa lenye mafundi hodari lilianza kuunda ndege ya jana? Jibu ni Hispania. Katika vita vya huko vya 1936 hadi 1939 marubani wao walishinda mara nyingi kwa Fiat CR.32 ya mabawa pacha. Wakarudi wakitaka chombo kinachogeuka upesi, chenye kiti cha wazi ili mtu aone na kusikia. Ndicho walichopewa. Na Mfereji wa Suez ulipofungwa kwao, CR.42 zilivunjwa vipande, zikatiwa ndani ya matumbo ya ndege kubwa za mizigo na kuvushwa usiku juu ya jangwa hadi Uhabeshi. Ujasiri mkubwa namna hiyo, kwa ajili ya ndege iliyokwisha kupitwa na wakati.

Wala isidhaniwe kuwa ilikuwa dhaifu. Mario Visintini, rubani wa Kiitaliano aliyekaa Eritrea, aliangusha ndege 16 kwa CR.42, na hakuna rubani wa mabawa pacha aliyemzidi katika vita vile vyote. Tarehe 6 Novemba 1940, Waingereza walipoishambulia ngome ya Gallabat mpakani mwa Sudan, CR.42 ziliziangusha Gladiator kadhaa siku hiyo hiyo, za Uingereza na za Afrika Kusini. Miongoni mwa waliokufa alikuwamo Meja van Schalkwyk, mkuu wa Kikosi cha 1 cha jeshi la anga la Afrika Kusini.

Hurricane ziliongezeka miezi iliyofuata, na marubani wakalazimika kusahau walichofundishwa. Gladiator ilikuwa na uzito wa tani 2 ukibebwa na bawa la mita 30 za mraba. Hurricane ilikuwa na tani 3 juu ya mita 24. Kila mita ya bawa lake ilibeba karibu maradufu, na kwa hiyo haikuweza kugeuka katika duara dogo. Rubani aliyekubali kuzungushana na Fiat, kama alivyozoea katika Fury, alikuwa akijiua. Ilimpasa ajifunze jambo ambalo awali lilionekana kama woga: ashuke kutoka juu, apige kwa bunduki zake nane kwa sekunde mbili tatu, kisha apite moja kwa moja asigeuke. Wepesi wa kugeuka ulimsaidia Mwitaliano kukwepa. Haukumsaidia kumfuata anayeondoka.

Aliyelijua somo hilo vema alikuwa Kapteni John Frost wa Kikosi cha 3, kijana wa Cape mwenye umri wa miaka 22. Tarehe 3 Februari 1941, katika safari moja tu, aliangusha ndege tatu za Caproni za kutupa mabomu na CR.42 moja iliyokuwa ikizilinda. Tarehe 15 Machi, walipokuwa wakipiga uwanja wa Dire Dawa, ndege yake mwenyewe ilipigwa akatua katika kiwanja cha adui. Luteni Kershaw akamwona, akateremka huku akipigwa risasi, akamchukua. Hurricane ina kiti kimoja. Wawili hao walibanana ndani yake na kuruka hadi kambini. Frost hakumaliza vita; alipotea jangwani Juni 1942 na hakuonekana tena. Visintini naye alikuwa amekwisha kufa tarehe 11 Februari 1941. Hakuna aliyemwangusha: alirudi kuwatafuta wenzake waliopotea katika hali mbaya ya hewa, akagonga mlima karibu na Nefasit.

WALIOKUWA CHINI

Marubani wote hao walikuwa Wazungu, kwa kuwa serikali ya Muungano wa Afrika Kusini haikumruhusu mwingine kukaa kiti hicho. Weusi wa nchi hii waliandikwa katika kikosi cha wenyeji na kunyimwa bunduki. Machotara katika Cape Corps. Wahindi na Waislamu wa Cape wenye asili ya Kimalei katika kikosi kilichoitwa Indian and Malay Corps. Walikuwa madereva, wachimbaji, wapishi, wabebaji wa wagonjwa. Upande wa Kenya walikuwapo askari wa King's African Rifles kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, ambao wengi wao walisemezana kwa lugha hii tunayoiandika hapa.

Ndege mpya ilikuwa mzigo mkubwa kwa watu hao kuliko ya zamani. Hartebees ilitua popote palipofyekwa vichaka. Hurricane hutua kwa kasi zaidi, hutaka kiwanja kirefu na kigumu, petroli safi na risasi kwa maelfu. Yote hayo yalipita kwa malori katika barabara za vumbi za Garissa na Wajir, nchi isiyo na maji, ili rubani apate saa moja ya kuruka. Rubani ameandikwa kwa jina, tarehe na saa. Dereva aliyemfikishia mapipa ya petroli ni nadra kumkuta kitabuni, na kama miongoni mwa wasomaji yupo ambaye baba au babu yake alifanya kazi hiyo, basi aandike wakati wapo wanaokumbuka.

Jeshi lililotoka Kenya liliingia Kismayu tarehe 14 Februari 1941, Mogadishu tarehe 25, na Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Mwendo huo ulistaajabisha, na ulikuwa mgumu kuwezekana kama anga ingekuwa mikononi mwa adui.

Addis Ababa ilipokwisha tekwa, Hurricane nyingi zilihamishiwa Misri na Libya, ambako Wajerumani walikuwa wamefika na Messerschmitt zao. Kwa mabaki ya Waitaliano waliojifungia milimani Gondar iliachwa Gladiator, ndege iliyokwisha kuonekana haifai. Waitaliano kule juu walikuwa na CR.42 zao za mwisho. Basi tarehe 24 Oktoba 1941, mwaka mmoja kamili tangu Malindi ipigwe, Idi-el-Fitri ikiwa imepita siku chache tu, Luteni Hope wa Kikosi cha 3 akiwa katika Gladiator alikutana na CR.42 ya Luteni Ildebrando Malavolti. Wote wawili walikaa wazi, upepo usoni, nyaya zikilia baina ya mabawa. Wakapigana kwa mtindo wa zamani, na Malavolti akaanguka akafa. Ilikuwa mara ya mwisho katika mapigano ya Afrika Mashariki kwa ndege ya mabawa pacha kuangusha nyingine ya namna yake.

Siku ya pili Hope aliruka tena hadi kwenye kambi ya Waitaliano. Hakutupa bomu. Alidondosha ujumbe wa heshima kwa rubani wa Fiat, kwamba alikuwa mtu shujaa, akageuza ndege yake akarudi.